Upepo, Usitulie Bado

2 Juni
Rubani wa puto la kubeba watu angani alinikuta leo kazini hospitalini, kwenye mlango wa chumba cha kufulia, nimekumbatia shuka za wodi ya wazazi hata sioni mbele. Akasema msimu umefunguka, asubuhi zimeanza kutulia, na anataka chokoleti zangu za kokwa za hazeli kama mwaka jana.

"Mgeni akishuka kwenye kikapu anatetemeka," alisema. "Ukimpa kitu kitamu ndipo anaamini kuwa bado yu hai."

Nikasema sawa. Miguu yangu haikuulizwa.

Kazi hii ya chokoleti aliniletea mume wangu. Alikuwa dereva wa gari linalolifuata puto chini kwa chini ili kulipokea linapotua. Alifariki mwaka jana. Mama yake alikuja kwenye mazishi na hajaondoka. Tuko watatu ndani ya nyumba: mimi, Mama, na binti yangu wa darasa la tatu ambaye kila mtu anamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Nimenunua daftari hili nione kama kuandika kutanipunguzia uzito kifuani.

4 Juni
Nimechoka. Sina la kuandika.

7 Juni
Hazeli zimefika, gunia dogo. Jirani anaziita korosho za duara, na nimeacha kubishana naye. Unazikaanga hadi ganda lake jembamba lianze kupasuka, unazifunga kwenye taulo zikiwa moto, unazisugua hadi zivuliwe nguo zote. Halafu unayeyusha chokoleti kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, na ole wako tone moja la maji liingie ndani. Unapima joto kwa kugusisha mdomo wa chini: usisikie moto wala baridi. Ndipo unachovya.

Ningeifanya yote peke yangu kwa amani, ila Mama anataka kusaidia. Kusaidia kwa Mama maana yake ni kuhamisha. Vifuniko vya sufuria amevihamishia chini ya sinki. Chumvi iko mahali pa majani ya chai. Na kila kitu kinafutwa. Anazunguka na kitambaa chake chenye maji tangu asubuhi, anafuta meza, anafuta redio, juzi kamfuta Chiriku uso akiwa usingizini. Akimaliza anasema, "Mwanangu alipenda pang'ae." Namezea.

11 Juni
Puto la kwanza la msimu. Nililiona kupitia dirisha la kufulia, kubwa, jekundu, linakwenda polepole kana kwamba halidaiwi chochote na mtu. Nilisimama na pasi mkononi hadi nikasikia harufu ya kuungua. Foronya moja imekwisha kazi.

12 Juni
Upepo. Hawakuruka. Boksi zote za chokoleti zimerudi.

13 Juni
Upepo. Chiriku anaomba uendelee ili ale zilizorudi. Nimemwambia ataoza meno. Akasema Bibi hana meno na anakula vizuri tu.

20 Juni
Rubani amepita nyumbani jioni. Kila mwisho wa msimu, asubuhi moja yenye utulivu huwekwa kwa ajili ya familia za wafanyakazi. Wakati wa uhai wa mume wangu haikuwahi kutufikia. Siku yetu ikipangwa, upepo nao ulipangwa. Rubani anasema mwaka huu familia ya marehemu ndiyo ya kwanza.

"Mimi niende juu?" Mama akashangaa. "Nikafuate nini huko?"

"Bibi, utaona paa letu kama ni safi," Chiriku akasema.

Mama akainua macho darini. "Haya, basi. Nitakwenda."

23 Juni
Mashine kubwa ya kukausha imeharibika. Siku nzima tumekamua shuka kwa mikono, mimi na mwenzangu, kama tunanyonga joka. Nimefika nyumbani nyang'anyang'a, nikakuta Mama amepanga upya kabati langu la nguo. Nguo za mume wangu, ambazo nilikuwa nimezikunja upande wangu, amezipeleka chumbani kwake. Nilikula nikalala.

26 Juni
Kesho kutwa Rubani ana kundi kubwa, watu wa harusi. Nimetoka kazini nikaingia jikoni moja kwa moja. Niliyeyusha chokoleti nikiwa nimeegemea ukuta, na nadhani macho yalifumba kidogo, maana nilishtuka bakuli linafuka moshi. Nimeiacha ipoe, nimechovya, nimepanga kwenye trei. Zinang'aa. Ahsante Mungu.

27 Juni
Nitaandika hili lote, maana nikilibeba kichwani sitalala.

Nimerudi leo mchana, nimeomba ruhusa mapema ili nizipange kwenye boksi kabla dereva wa Rubani hajazifuata. Mama alikuwa ameketi mezani, mikono imepakaa chokoleti hadi kwenye viwiko, anatabasamu. Mbele yake kitambaa chake, kimeloa. Mbele ya kitambaa, trei zangu.

Kila chokoleti ilikuwa imepoteza mng'ao. Zilikuwa zinanata, zimeshikana mbili mbili, tatu tatu, kama pipi zilizotoka mdomoni mwa mtoto.

"Mama, umefanya nini?"

"Mungu kakuonea huruma, mwanangu. Zilikuwa zimeota kuvu. Nyeupe, zote! Ungeaibika mbele ya watu. Nimezifuta moja moja, hata chai sijanywa."

"Ile siyo kuvu, Mama. Ni mafuta ya chokoleti yenyewe, yanapanda juu ikipoa vibaya. Inaliwa. Ungeniacha ningezipaka unga wa kakao, asingejua mtu."

"Basi tuziyeyushe tena."

"Zimeingia maji! Zikiingia maji zinashikana zinakuwa udongo. Zimekwisha, Mama. Zote."

Alikitazama kitambaa. Kama ningeishia hapo, tungekuwa salama. Sikuishia. Nilihisi kitu kinanipanda kutoka miguuni, mashuka ya wiki nzima, na foronya, na vifuniko, na lile kabati, na mdomo ukafunguka.

"Tangu umekuja, hakuna kitu nilichokiweka nikakikuta. Hakuna! Nyumba yangu natembea kama mgeni. Hata mume wangu sijapata nafasi ya kumlilia peke yangu."

Chiriku alikuwa mlangoni na begi la shule, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na neno.

Mama akakikunja kitambaa katikati, akakikunja tena. "Haya," akasema. Akaenda kunawa mikono, akaingia chumbani kwake.

Dereva amekuja akaondoka mikono mitupu.

28 Juni
Rubani hakukasirika, ingekuwa afadhali. "Leo bwana harusi kala upepo," aliniambia, akacheka, akaona sicheki, akaacha.

Nimewaza siku nzima huku natandaza shuka kwenye mashine. Ule weupe ulitokana na mimi kuunguza chokoleti kwa usingizi. Mama aliona kosa langu akadhani ni kuvu, akataka kuniokoa. Nimeshindwa kumwambia. Nilifika hadi mlangoni kwake nikasikia kimya, nikarudi.

30 Juni
Shemeji amepiga simu, mdogo wake marehemu. Anaishi mbali, ana mke, watoto na nyumba yenye chumba cha ziada.

"Shem, Mama ameniomba nimchukue akae kwangu. Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo."

"Anasema atapanda kwanza hilo puto la kaka, halafu kesho yake aondoke. Basi nikija kwa ajili ya puto, nitarudi naye."

Nikasema sawa. Nilikata simu nikasubiri nione furaha. Mwaka mzima nimeitamani nyumba yangu. Furaha haikuja. Nimejiambia ni uchovu.

6 Julai
Mama hagusi kitu. Amevirudisha vifuniko vyote mahali pake pa zamani. Leo nimevitafuta chini ya sinki kama mwendawazimu, kumbe viko pale pale nilipoviacha mwaka jana.

9 Julai
"Naomba nishike taulo," Mama ameniambia jikoni.

Anaomba. Kwenye nyumba ambayo mwanawe alipiga kila msumari. Nilimpa taulo, akasugua hazeli kimya, akapuliza maganda nje ya dirisha ili yasianguke sakafuni kwangu. Alisema hivyo, "sakafuni kwako." Afadhali angenipiga kofi.

10 Julai
Upepo.

15 Julai
Wameruka siku nne mfululizo. Mikono inanuka chokoleti kazini na inanuka sabuni nyumbani. Mwenzangu wa kufulia anasema mimi ni mtu pekee anayenenepesha watu kwa pua.

19 Julai
Nilikuwa namsuka Chiriku nywele. Akasema, kama mtu anayeeleza habari ya paka, "Bibi hulia bafuni. Anafungulia bomba la maji tusimsikie."

"Tangu nilipogombana naye?" nikauliza. Nikajirekebisha. "Tangu tulipogombana?"

"Hapana, tangu zamani. Tangu baba. Anasema wewe una kazi nyingi, usiongezewe."

Niliacha kusuka, mkono mmoja hewani. Mimi hulia kwenye chumba cha kufulia, mashine zikiwa zinazunguka, ili Mama asinione. Mwaka mzima tumepishana kwenye korido hii, kila mmoja ametoka kunawa uso, kila mmoja anamwuliza mwenzake kama chai ipo. Nina hasira na sisi wote wawili, na namhurumia, na nimechoka.

24 Julai
Nilikwenda kumwambia kuwa ule weupe ulikuwa kosa langu. Safari hii nilisema. Alikuwa anakunja nguo.

"Nilijua," akasema. "Ulikuja kulala unanuka moshi."

"Sasa mbona hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa umechoka."

Nilitaka kuendelea. Neno lilikuwa moja tu, baki, lakini sikulitoa. Nikiwa nimemwambia vile mbele ya mtoto, leo nimwambie baki, si ataona natafuta msugua hazeli? Nikasema chakula kiko tayari.

31 Julai
Rubani ametupangia tarehe tatu. Shemeji anafika kesho.

1 Agosti
Shemeji kafika na kelele zake. Kabla hajavua viatu ameshakula chokoleti nane na kuniambia nimekonda kama waya wa kuanikia nguo. Nimemwambia yeye kitambi chake kitahitaji puto la peke yake. Chiriku kacheka hadi kakohoa. Mama naye kacheka. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo muda mrefu, na nilitoka nje kidogo nikajifanya naangalia nguo kwenye kamba.

3 Agosti
Tumeamka gizani, tumefika uwanjani, tumesimama na masweta kama kuku wa mvua. Rubani akaachia kiputo kidogo cha majaribio, kikapaa, kikakata kona ghafla kuelekea mjini. Akatikisa kichwa. Upepo. Turudi nyumbani.

Shemeji kalaani. Chiriku kanuna. Mimi nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia: nilifurahi mpaka nikaona haya. Mama akipanda ndipo anaondoka. Asipopanda, haondoki.

4 Agosti
Upepo. Mama kapika. Nimekula sahani mbili.

5 Agosti
Upepo. Miezi miwili nimeulaani upepo huu kwa kunirudishia maboksi, na sasa nikisikia bati la jirani linagongagonga usiku nageuka upande nalala vizuri.

6 Agosti
Shemeji ana kazi, hawezi kungoja milele. Anasema kesho ikishindikana wataondoka hivyo hivyo, puto wataliona kwenye picha.

Kwa hiyo upepo nao umenikimbia. Uvume, Mama anaondoka. Utulie, Mama anaondoka.

Jioni tulikuwa wawili jikoni, tunachovya chokoleti za kumpelekea Rubani. Nikapiga moyo konde. "Mama, hivi kule kwa Shemeji..."

"Kuzuri," akanikata. "Na wewe utapumua. Bado kijana wewe. Nyumba ambayo bibi kizee amekaa mlangoni, nani atabisha hodi?"

"Sitaki mtu wa kubisha hodi."

"Leo hutaki." Akagusisha chokoleti kwenye mdomo wake wa chini, kama nilivyomfundisha, akaitikia kwa kichwa kuwa iko tayari. "Sitaki kuwa mzigo, mwanangu. Ulisema, nikasikia. Hukukosea."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Nisogezee trei."

7 Agosti
Bati la jirani halikugonga. Nilijua hata kabla sijafungua macho.

Kiputo cha majaribio kilipanda wima kama kimevutwa na uzi. Feni ikalijaza puto likiwa limelala chini, halafu moto, halafu likainuka juu ya vichwa vyetu, jekundu, kubwa kuliko hospitali. Kikapu kina matundu ubavuni ya kuwekea miguu unapopanda. Shemeji alimsukuma Mama kwa nyuma, mimi nikamvuta kwa juu, Chiriku akitoa amri. Mama akaingia huku anacheka na kusema ashukuriwe Mungu hakuvaa sketi.

Hatukuhisi kuondoka. Ardhi ndiyo iliyotuacha. Dereva mpya alikuwa amesimama kando ya gari, mkono juu ya macho, anapima tunakoelekea. Mume wangu alisimama hivyo msimu baada ya msimu. Nilimwona Mama anamtazama yule kijana hadi akawa mdogo kama punje, na nilijua anamtazama nani.

"Nyumba yetu!" Chiriku akapiga kelele.

Mama akainamia ukingo. "Paa lina majani yaliyooza pale pembeni. Mvua ikija litavuja." Halafu akakumbuka. "Utamwita fundi, mama Chiriku. Usipande mwenyewe."

Utamwita fundi. Ni neno dogo hilo lililonimaliza. Paa linavuja, na yeye hayupo.

Rubani akavuta kishikio, moto ukanguruma juu yetu. Ukinguruma hivyo husikii hata mawazo yako. Shemeji alikuwa anasema kitu kwa Chiriku, midomo inacheza tu, hakuna sauti. Nikaona hapa nitasema bila mtu kusikia, nilitoe tu lisinioze ndani. Nilianza kwa kunong'ona, sikujisikia, nikaongeza, nikaongeza, nikawa napiga kelele kama mtu anayezama: "Sitaki uende! Sivioni vifuniko! Sina mtu mwingine wa kulia naye! Mama, usiniache!"

Rubani aliachia kishikio kabla sijamaliza.

Hakuna kimya kama kile. Moto ukikatika kule juu, hata mbwa anayebweka kijijini unamsikia. "Mama, usiniache" ilitoka peke yake, nzima, ikaenda hadi kwenye mashamba. Mtu mmoja aliyekuwa akiendesha baiskeli chini alisimama akatazama juu. Shemeji alitoa macho. Rubani akajifanya anasoma kipimo chake.

Nilitamani kuruka.

Mama hakugeuka haraka. Alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili.

"Sema tena," akasema.

"Mama, nilikuwa nadhani..."

"Bila moto. Sema tena nisikie."

Mbele ya Shemeji, mbele ya mwanangu, mbele ya yule mtu wa baiskeli. Nikasema, "Usiende, Mama. Siyo kwa ajili ya kazi. Nyumba bila wewe siitaki."

Alianza kulia hapo hapo, wazi wazi, mdomo wazi kama mtoto, na mimi nikalia, tumeshikana mikono ya masweta. Mwaka mzima na zaidi, na ilikuwa mara ya kwanza kulia pamoja. Chiriku akatushika wote wawili kiunoni. Sikuona chochote kilichopita chini. Wanasema kulikuwa na bwawa zuri.

Tulipotua, kikapu kikaburuzwa kidogo kikalala upande, sisi tukalala ndani yake tunacheka na kamasi. Mama hakuwa amenijibu. Rubani alitugawia chokoleti zetu wenyewe. Mama alikula mbili, akafuta vidole, akasema zimekuwa nzuri. Hakusema zaidi, njia nzima, wala chakula cha jioni, wala sasa hivi ninapoandika. Nasikia anafungua na kufunga droo chumbani kwake. Anafunga mizigo. Nimesema nilichokuwa nacho, sina kingine.

8 Agosti
Shemeji alileta gari mlangoni baada ya chai. Alitoa begi dogo la Mama akaliweka, akarudi akatoka na lile kubwa, anaburuza, anahema.

"Hilo liache," Mama akasema.

"Si ndilo lenye vitu vyako vyote, Mama?"

"Ndiyo maana nikasema liache. Naenda kwako kutembea. Nitawaona wajukuu, nitakufutia hiyo nyumba yako, halafu utanirudisha nyumbani kabla ya mvua, kuna paa linataka fundi."

Shemeji akasimama na begi, anamtazama mama yake, ananitazama mimi, kama mtu aliyekuja kwenye mchezo wakati umekwisha.

"Nyumbani wapi sasa?"

"Kwani mama yako ana nyumba ngapi?"

Nikalipokea begi mkononi mwake, zito kama mawe, nikalirudisha chumbani kwa Mama.